Waliponirushia Mpira Taratibu

Ndugu zangu, leo kipaza sauti kimefika mkononi mwangu, basi nivumilieni. Neema iliyotufikisha sote hapa, kuanzia sisi wa Bertrams tuliotembea kwa miguu hadi wale wa Diepsloot waliobadilisha teksi njiani, ndiyo hiyo hiyo ninayotaka kuisimulia. Kaeni tu, msisimame. Habari yangu si fupi, na mchungaji ameshanitupia lile jicho lake la kusema usizidishe.

Wengine naona mmeanza kucheka. Mnanong'ona, huyu fundi makochi anakuja tena na mchezo wake ule wa ajabu. Ndiyo, nakuja nao. Sina habari nyingine. Na kwa wale ambao hawajawahi kuuona, nitaueleza kwanza, maana bila hivyo hamtajua nilianguka wapi.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Mtu wa upande huu anarusha mpira, mtu wa upande ule anaupiga kwa gongo. Akishaupiga, anakimbia kwa nguvu zake zote mpaka kwenye mfuko mweupe uliopigiliwa chini. Mfuko ule tunauita besi ya kwanza, na hapo ndipo ninaposimama mimi. Wenzangu wanauokota mpira popote ulipoangukia na kunirushia. Mimi nimekanyaga mfuko kwa ncha ya kiatu, nimejinyoosha na glavu yangu. Mpira ukinifikia kabla ya yule mkimbiaji, ametoka. Akifika yeye kwanza, amesalimika. Basi, ni hilo tu, mengine yote ni mapambo.

Kwa hiyo kazi yangu ni kupokea. Wenzangu wanarusha juu, wanarusha chini, wanarusha huku wameteleza, wanarusha huku wamekasirika, mimi napokea. Na msidhani ni mpira wa tenisi. Ule ni mgumu. Ukikugonga kwenye mfupa huulizi nani amebisha hodi.

Wazee hapa wanajua nilikotoka. Nilizaliwa Morogoro. Mama yangu ni wa huko huko, baba alikuwa mmoja wa hawa ndugu wa Afrika Kusini waliokuja kwetu wakati wa ukombozi. Mchezo nilifundishwa sekondari, Dar es Salaam, na mwalimu Mjapani aliyekuja kujitolea. Aliponiona mrefu, tena natumia mkono wa kushoto, akanipeleka besi ya kwanza na sikutoka tena. Baadaye nikaja huku Afrika Kusini kwa ndugu wa baba, nikajifunza kazi ya kushona na kutengeneza makochi kule Jeppestown, nikamwoa dada yenu msusi, mtoto wa Bukavu. Yuko pale, safu ya tatu, ananitazama nisije nikatia chumvi. Mchezo nikausahau kabisa.

Mwaka 2015, Jumamosi moja, tulikuwa tunapeleka kochi Bez Valley. Tumesimama kwenye robot, taa ni nyekundu, dirisha liko wazi, nikasikia mlio wa gongo likigonga mpira. Ndugu zangu, mlio ule ukiujua haukuachi. Tulipomaliza kushusha kochi nikamwambia dereva atangulie. Nikafuata sauti mpaka uwanja wa manispaa, nikakuta watu wa kila namna wanacheza: mwalimu wa hesabu, polisi mstaafu, kijana wa duka la matairi. Hakuna anayelipwa. Wanacheza kwa kupenda, halafu wanachoma nyama.

Kwenye besi ya kwanza alisimama mtu mfupi mnene, ana sharubu, anachechemea. Jina lake sitalitaja, hata mimi mwaka mzima nilikuwa nalikosea. Tulimwita Mnikaragua, kwa sababu alitoka Nikaragua, nchi ya mbali huko Amerika ya kati. Alikuja huku kwa kumfuata mke wake, mama wa Kizulu, na alikuwa fundi wa lifti. Mkali kama pilipili! Ukikosa mpira anakutukana kwa Kihispania, anaongeza Kizulu cha wakwe zake, halafu anakununulia soda.

Kwao, besiboli ndiyo kama mpira wa miguu kwetu. Aliniambia alisimama besi ya kwanza ya mji wake tangu akiwa hajaota ndevu mpaka ameanza kupata mvi, na hajawahi kulipwa hata siku moja. Walikuwa wanakwenda kucheza miji ya jirani wamepanda nyuma ya lori la ng'ombe. Padri alikuwa anaifupisha misa siku za mechi. Msimu mmoja walichukua ubingwa, zawadi ikawa nguruwe mzima. Wakashindwa kukubaliana nani akamfuge, basi wakamla. Huyo ndiye niliyemkuta amesimama mahali pangu.

Aliniacha nijaribu. Akanitazama nikipokea mipira mpaka ndoo ikaisha. Jumamosi iliyofuata nilipofika, nikamkuta amekwenda kusimama besi ya tatu, ng'ambo kabisa ya uwanja, ambako goti lake halikuhitaji kujinyoosha. Akanielekeza ule mfuko mweupe kwa kidevu. Ndivyo alivyonikabidhi kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hakuna hotuba, hakuna kupeana mikono.

Miaka ile miwili, ndugu zangu, nilikuwa mtu mwenye furaha. Wiki nzima nachomoa misumari kwenye makochi ya watu, Jumamosi nakwenda kupokea. Nilimjua kila mtu kwa mkono wake. Mwalimu wa hesabu mpira wake unapinda mwishoni. Yule kijana wa matairi anarusha chini akiwa na haraka. Na Mnikaragua kutoka kule besi ya tatu alikuwa anautuma mpira umenyooka kama kamba ya fundi mwashi, ukiingia kwenye glavu unalia pa! na kiganja kinawaka moto mpaka Jumatatu. Nilikuwa nampenda kwa hilo.

Sasa nisikilizeni. Mwanzoni mwa 2017, mechi ya mchana, mawingu ya radi yamekusanyika upande wa kaskazini kama kawaida ya hapa wakati wa joto. Mpigaji akaupeleka mpira besi ya tatu. Mnikaragua akauokota, akanirushia. Nilijinyoosha. Mkimbiaji alikuwa anakuja kasi, na mpira ukaigusa kofia yake ngumu, kidogo tu, ukabadilisha njia. Sikuuona. Nilichokiona ni majani karibu sana na pua yangu, na mdomoni nikasikia vumbi na damu. Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa Mnikaragua, na goti lake bovu, amekuja mbio uwanja mzima, anasema maneno yasiyoisha ambayo sikuelewa hata moja. Alikuwa analia. Mtu mkali vile.

Mfupa chini ya jicho hili la kulia ulikuwa umevunjika. Wakanipasua hospitali ya serikali, na madaktari na manesi wale nawaombea mpaka leo, walinishughulikia kama mtoto wa mama yao. Lakini kwa miezi mingi nilikuwa naona kila kitu viwili. Robot mbili, vikombe viwili vya chai, namimina nje. Nikimtazama mke wangu naona wake wawili, na nyinyi mnaomjua mnafahamu kwamba mmoja ananitosha kabisa.

Nilicheka na watu hivyo hivyo, lakini ndani nilikuwa nimeanguka. Fundi makochi anayeona misumari miwili hajui apige upi. Bosi wangu, Mungu amjalie, hakunifukuza. Aliniweka kwenye kupanga vitambaa. Nyumbani mke wangu akawa ananikatia nyama kwenye sahani. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kizulu, akawa ananishika mkono kuvuka barabara. Na nyinyi hapa kanisani! Nilikuwa napiga gitaa zito kwenye kwaya, mkaniambia nipumzike. Mkanitoa kwenye zamu ya kubeba spika. Kila Jumapili mnaniuliza jicho linaendeleaje kwa sauti ile ya msibani. Nilishukuru, nawaambia kweli nilishukuru, kwa sababu wakati ule nilihitaji kubebwa. Ningedondoka bila nyinyi.

Mwishoni mwa mwaka ule jicho likarudi. Daktari alinifunika hili, akanifunika lile, akanisomesha herufi, akasema, "Baba, wewe umepona. Rudi kwenye maisha yako." Nikatoka pale natembea kama bwana harusi.

Nikarudi uwanjani 2018. Na hapo ndipo nilipokutana na kitu ambacho daktari hakukiona. Mazoezi ya kwanza, mwalimu wa hesabu akanirushia mpira wa kawaida, na macho yangu yakajifumba yenyewe. Mguu ukatoka kwenye mfuko wenyewe. Sikuuamuru. Mwili wangu ulikuwa umefanya uamuzi bila kuniuliza. Mpira ukapita, ukaenda kugonga uzio. Nikajaribu tena, vilevile. Ndugu zangu, hofu si kitu unachokiwaza. Hofu ni kope.

Nilikwenda nyumbani sikula. Lakini sikuacha kwenda mazoezini, na baada ya wiki chache nikaanza kudaka. Leo mmoja, kesho miwili, mwishowe nikawa nadaka karibu yote. Furaha niliyokuwa nayo! Ndipo, mtakumbuka, nilisimama hapa hapa mwaka jana nikashuhudia kwamba nimeponywa jicho na hofu pia. Mlinipigia vigelegele. Mama mmoja aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Leo nimekuja kuwaambia kwamba ushuhuda ule niliutoa mapema. Sikudanganya, nilikuwa naamini. Ila nilikuwa sijui kinachoendelea.

Maana timu ilikuwa inafungwa. Kila mechi wakimbiaji wa upande wa pili wanafika salama, tena kwa hatua moja tu. Mpira unaingia kwenye glavu yangu vizuri, nimeudaka safi, lakini yule mtu ameshapita. Hata wale wazito, wenye vitambi kama vya kwetu. Mimi nikasema msimu huu timu nyingine zimepata watu wenye mbio. Nikawa nawapa moyo wenzangu! Napiga makofi, nasema, "Sharp, sharp, tutawapata kipindi kijacho." Wao wanatazama chini.

Siku moja kamba ya glavu yangu ilikatika katikati ya mechi. Kocha akamweka polisi mstaafu besi ya kwanza kwa muda, mimi nikakaa kwenye benchi nafunga kamba. Mpira ukapigwa besi ya tatu. Mnikaragua akauokota, akarusha, nikasikia pa!

Nikanyanyua kichwa. Mlio ule nilikuwa sijausikia tangu niumie. Msimu mzima glavu yangu ilikuwa hailii. Mkimbiaji alikuwa bado yuko mbali, hata hakumalizia kukimbia, amegeuka anarudi. Nikakaa na kamba mkononi nikielewa taratibu, kama mtu anayegundua kwamba watu waliokuwa wanacheka pamoja naye walikuwa wanamhurumia. Hawakuwa wananirushia mpira. Walikuwa wananipa mpira. Timu nzima ilikuwa inafungwa kwa ajili yangu na hakuna aliyefungua mdomo.

Baada ya mechi Mnikaragua alinipa lifti kwenye gari lake la ngazi na waya. Tulipofika robot ya kuingilia Bertrams, ikawa nyekundu. Nikamwambia, "Kwa nini unanirushia mpira wa mtoto?"

Akashika usukani kwa mikono miwili, ananiambia bila kunitazama.

"Kwetu mtu wa besi ya kwanza hafukuzwi. Ni aibu kumfukuza. Akizeeka, au akiumia asirudi vizuri, wenzake wanaanza kumrushia taratibu. Hakuna anayesema neno. Mmoja anaanza, wengine wanafuata. Anacheza msimu wake wa mwisho bila kuumia, na siku moja mwenyewe anaelewa, anavua viatu. Tunachinja, tunakula, tunamsindikiza nyumbani kwake kwa ngoma."

"Nani ameanza kwangu?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyekuumiza. Nikaona ni wajibu wangu nianze mimi."

"Kwa hiyo mnaniaga?"

"Eish, ndugu yangu," akasema, "msimu mzima tunakuaga, na wewe huelewi!"

Robot ikawa kijani, watu nyuma wakaanza kupiga honi. Yeye haondoki. Nikamuuliza kama na yeye waliwahi kumrushia hivyo. Akasema ndiyo, kule kwao, na alielewa upesi sana, alilia kidogo, akashukuru, akaacha, kwa sababu goti lilikuwa limekwisha kweli na yeye alilijua kuliko mtu yeyote; huku alisimama tena besi ya kwanza kwa sababu tu timu haikuwa na mtu mwingine.

"Mimi jicho langu limepona," nikamwambia.

"Unafumba macho."

"Nitaachaje kufumba, ikiwa mpira wenyewe unakuja kama umebeba yai?"

Nikashuka hapo hapo katikati ya magari, nikatembea nyumbani. Nilikasirika, ndugu zangu. Sikukasirikia watu wabaya, ndiyo maana iliniuma vile. Niliwakasirikia watu wanaonipenda, nikajikasirikia mimi niliyeshuhudia, na nikamwambia Mungu mambo ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Lakini katikati ya hasira kulikuwa na swali moja lililokuwa linanichoma. Itakuwaje kama Mnikaragua anasema kweli? Itakuwaje kama mimi kweli nimekwisha, na kila mtu anajua isipokuwa mimi? Sikuwa nawaza mchezo tu. Nilikuwa nawaza kwamba huenda hivi ndivyo nitakavyoishi mpaka kufa, mtu wa kukatiwa nyama.

Jumatano, siku ya mazoezi, nilifika mapema. Mnikaragua alikuwepo, anachora mistari ya chokaa. Nikaenda kusimama kwenye mfuko wangu, nikamwambia arushe.

Akarusha taratibu. Sikuudaka. Niliuacha ukadondoka miguuni. Akarusha tena taratibu, nikauacha tena. Akanitukana. Nikamwambia, "Rusha, la sivyo nitasimama hapa mpaka mkeo aje kukutafuta." Akachukua mwingine kutoka kwenye ndoo, akaurusha kwa hasira, ukapita juu kabisa ya kichwa changu mpaka barabarani. Wa pili ukaenda kushoto. Mtu ambaye mpira wake ulikuwa umenyooka kama kamba! Nikaangalia vizuri nikaona mkono wake unatetemeka. Kumbe hofu yangu ilikuwa kwenye kope, na yake ilikuwa kwenye mkono. Tulikuwa wagonjwa wawili, na mmoja alikuwa amepelekwa hospitali, mwingine hakuna aliyemuuliza.

Nikavuka uwanja mpaka alipo. Nikakishika kile kiganja chake kigumu cha fundi, nikakiweka hapa, chini ya jicho. Nikamwambia, "Bonyeza." Hakutaka. "Bonyeza, nakuambia." Akabonyeza kwa kidole gumba, kwanza kama anagusa mtoto mchanga, halafu kwa nguvu. Mfupa ulikuwa pale, umeshikana, una kivimbe kidogo kama mshono wa kochi. Halafu akajifuta uso kwa mkono wa shati, akasema, "Rudi kwako."

Nikarudi. Akarusha. Nilifumba, ukanigonga kwenye kifundo cha mkono, nikaruka kwa maumivu. Akauliza kama tuache, nikamwambia arushe. Akarusha. Nilifumba nusu. Akarusha tena, akarusha tena, jasho linatutoka, wenzetu wamefika mmoja mmoja wamesimama pembeni na mifuko yao mabegani. Na kuna mmoja, sijui wa ngapi, ambao niliziona nyuzi zake. Mpira ule una mshono mwekundu, nadhani sijawaambia. Niliuona mshono unazunguka kutoka mkononi mwake mpaka kwangu, njia yote, macho yangu yako wazi kama milango ya kanisa hili.

Pa!

Ndugu zangu, kiganja kilichoma mpaka begani. Nilikaa chini kwenye mfuko, mtu mzima, nikalia. Yeye kule ng'ambo akapiga kelele neno la Kihispania ambalo mpaka leo sijamuuliza maana yake, kwa sababu naogopa si neno la kusemwa hapa. Halafu kijana wa matairi akaweka begi lake chini, akasema, "Na mimi sasa." Mwalimu wa hesabu akapanga foleni. Wakanirushia wote, kila mtu kwa mkono wake wa kweli, na nilikosa mingi, na hakuna aliyeniambia pole.

Msimu uliofuata, ambao umekwisha mwaka huu, nilicheza wote. Mechi ya mwisho mpigaji mmoja mwepesi kama swala aliupeleka mpira besi ya tatu. Mnikaragua akaurusha akiwa ameinama, goti limemsaliti, mpira ukaja chini, ukadunda kwenye vumbi mbele yangu. Huo ndio mpira mbaya kuliko yote, unaruka usoni. Msimu uliotangulia ningefumba. Nilijinyoosha mpaka suruali ikachanika, nikauchota kutoka kwenye udongo, mguu uko kwenye mfuko. Mwamuzi akasema ametoka. Msipige makofi sana, mechi yenyewe tulifungwa. Lakini tulifungwa kihalali, na sisi wote tulikuwa tunacheka kama watu walioshinda.

Basi nishukuru, kwa sababu mchungaji ameanza kuangalia saa. Nawashukuru manesi wale. Namshukuru bosi wangu, ambaye alinirudishia nyundo yangu siku nilipomwomba. Namshukuru Mnikaragua, ambaye mwaka huu ameacha kucheza, na ameamua mwenyewe, kwa mdomo wake, tukachinja na kula. Nawashukuru nyinyi mlionibeba nilipokuwa siwezi kutembea.

Na nawaambia hili moja. Mtu akianguka, mbebeni. Mpokeeni taratibu, mkatieni nyama, msimruhusu abebe kitu. Lakini ikifika wakati, muulizeni. Msikae mnanong'ona kwamba bado, bado, bado. Muulizeni, wewe, uko tayari? Na akisema yuko tayari, mrushieni mpira wa kweli, hata kama mikono yenu inatetemeka. Anaweza kuukosa. Mwacheni aukose. Hakuna aliyepona kwa kudaka mayai.

Nimebakiza mmoja wa kumshukuru, na ni yule wa safu ya tatu. Jioni ile ya mechi ya mwisho nilirudi nyumbani na nguo zangu, vumbi jekundu mpaka kwenye soksi. Nikazilowesha kwenye bafu, nikasahau kwamba ndani ya bafu kulikuwa na taulo nyeupe za wateja wake wa saluni. Nimekaa sebuleni, nasikia sauti kutoka kule ndani:

"Weye! Iyi matope yote kwa bafu yangu, njo nani atasafisha? Mikono iko mizima, miguu iko mizima, jicho iko zima, na kazi unaniachia miye? Miye niko mtumwa yako?"

Halafu akanyamaza ghafla. Akatokea mlangoni, mkono kwenye mdomo, anataka kuniomba radhi. Na hapo ndipo nilipogundua, naye akagundua. Tangu siku niliyoumia, mwanamke huyu mnayemjua, mtoto wa Bukavu, hakuwa amenigombeza hata mara moja.

Nikamwambia, "Mama, usiache. Endelea."

Akanitazama vizuri, usoni, jicho hili na jicho lile. Kisha akaendelea. Alikuwa na mambo ya miaka miwili, ndugu zangu, alikuwa ameyatunza yote, akayatoa moja baada ya jingine. Nami nikapiga magoti kando ya bafu, nikasugua lile tope, nikimshukuru Mungu kwa kila neno.